Bati na Kifungio Chake: Historia ya Paa na Sakafu za Chuma Jijini Nairobi

Katika historia ya ujenzi wa Nairobi, bati limehesabiwa kuwa kifuniko tu, kitu cha kuwakinga watu na mvua na jua, ilhali kazi ambayo limekuwa likiifanya tangu reli ilipofika kando ya Mto Nairobi mwaka wa 1899 inapita hiyo. Bati lililopigiliwa vyema kwenye fremu ya mbao au ya chuma huizuia fremu hiyo isilale upande, kwa kuwa hupokea msukumo wa upepo, au wa ardhi inapotetemeka, na kuupeleka kwenye kuta na nguzo zilizo imara, nazo zikaushusha hadi kwenye msingi. Wahandisi huuita uso wa namna hii kiwambo, yaani bamba pana na jembamba, la paa au la sakafu, ambalo uwezo wake hutokana na kutandazwa na kufungwa kotekote badala ya kutokana na unene. Kiwambo cha chuma kilitumika Nairobi kwa miongo mingi kabla ya mtu yeyote kukipigia hesabu, na anayetaka kuielewa historia yake hana budi kuyaacha mabati kwanza na kuvitazama vifungio vyake: misumari, skrubu na nukta za kulehemu.

Bati la mikunjo lilitokea katika maghala ya bandari ya London, ambako mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mwaka wa 1829, baada ya kutambua kwamba karatasi nyembamba ya chuma, ambayo ikiwa bapa hulegea kwa uzito wake wenyewe, huweza kubeba mzigo ikikunjwa kuwa mawimbi. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kukikinga chuma dhidi ya kutu kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Ugunduzi huo wa pili ndio uliolipa bati uwezo wa kuvuka bahari na kuishi katika nchi zenye mvua nyingi, na kabla ya karne ya 19 kwisha mabati yalikuwa yakipakiwa melini kwa matita na kupelekwa katika kila koloni ambako Waingereza walihitaji kujenga upesi.

Nairobi ilikuwa mahali pa namna hiyo. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, njia ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na ofisi kuu za reli zikahamishwa kutoka pwani mwaka uo huo, kwa hiyo kambi iliyokusudiwa kuwa karakana na kituo cha kupumzikia kabla ya kupanda milima ya Kikuyu iligeuka mji katika muda wa miezi michache. Hapakuwa na muda wa kuchonga mawe, na chokaa na mafundi waashi walikuwa wachache, ilhali mabati yaliweza kuletwa kwa behewa, kubebwa kwa mabega, kupigiliwa kwa nyundo na kung'olewa tena kazi ilipohama. Mchwa hawayali, na moto hauyaunguzi kama unavyounguza nyasi. Picha za miaka ya mwanzo zinaonyesha safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, maghala, ofisi na maduka, nyingi zikiwa na kuta na paa za bati juu ya fremu za mbao.

Kihandisi, nyumba hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zilivyozoea kuangaliwa. Fremu ya mbao yenye nguzo za wima na boriti za mlalo, zilizounganishwa kwa misumari miwili mitatu kila pembe, ina udhaifu mmoja wa asili: ikisukumwa kwa juu, pembe zake hufunguka na mstatili hugeuka msambamba, na hatimaye nyumba nzima hulala. Dawa ya kawaida ni kuweka mbao za mshazari kutoka pembe hadi pembe. Pale mbao hizo zilipokosekana, au zilipowekwa chache, ni mabati ya kuta na ya paa yaliyozuia msambamba huo usitokee, kwa sababu karatasi iliyopigiliwa pande zote haiwezi kubadilisha umbo lake bila ya misumari kuteleza au kuchana matundu yake. Nguvu inayohusika hapo ni nguvu ya mkato, yaani ile inayojaribu kukitelezesha kipande kimoja kando ya kingine, na bati lina uwezo mkubwa wa kuikabili madhali limeshikwa vizuri. Fundi aliyepigilia bati la ukutani mwaka wa 1900 hakuwa na haja ya kulijua jambo hilo ili nyumba yake isimame, lakini nyumba ilisimama kwa sababu yake.

Zama za bati tupu katikati ya mji hazikudumu. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902 mtaa wa maduka wa Wahindi uliteketezwa kwa amri ya serikali, na mwaka wa 1905 moto uliunguza majengo ya Victoria Street, ambayo leo ni Tom Mboya Street, pamoja na Hoteli ya Stanley ya kwanza, kwani bati haliungui lakini mbao zilizolishikilia huungua. Waliojenga upya walizidi kutumia mawe ya machimbo ya karibu, na kufikia miaka ya 1930, maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mwaka wa 1931 na Msikiti wa Jamia ukikamilika karibu nayo, sura ya mji ilikuwa ni ya jiwe. Bati likahama kutoka ukutani likapanda juu, na kazi yake ikabadilika. Ukuta wa mawe hauhitaji kusaidiwa usilale kwa urefu wake, lakini ukisukumwa ubavuni, hasa ukiwa mrefu na usio na kuta za kukatiza ndani, huhitaji kushikwa kichwani, na kitu pekee kilichoko kichwani ni paa.

Katika vijiji vya Waafrika vilivyouzunguka mji huo hali ilikuwa nyingine. Kileleshwa, ambayo leo ni mtaa wa maghorofa upande wa magharibi, iliwahi kuwa kijiji cha Waafrika kilichobomolewa mwaka wa 1926, na Pangani ilibomolewa mwaka wa 1939 wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wajenzi wa vijiji kama hivyo walitumia miti na udongo kwa kuta, na kwa paa walitumia madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Paa la madebe ni la vipande vidogo vingi, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake na kila kimoja kikihitaji misumari yake, na kwa hiyo fundi wa madebe alijifunza mapema somo ambalo wahandisi wa maabara walikuja kuliandika kwa milinganyo, kwamba paa hushindwa kwenye maungio kabla ya kushindwa kwenye chuma. Ujuzi huo ni sehemu halali ya historia ya uhandisi wa Nairobi, ijapokuwa vitabu vimeupita kimya.

Mafunzo rasmi yalianza Kabete, magharibi mwa mji, ambako serikali ya kikoloni ilianzisha katika miaka ya 1920 chuo cha ufundi kwa Waafrika, kilichofundisha useremala, uashi na uhunzi, na ambacho baada ya mabadiliko mengi ndicho Kabete National Polytechnic ya leo. Wakati wa uhuru na baada yake kukatokea jambo lililolifanya bati kuwa la kila mtu. Viwanda vya kukunja na kupaka mabati vilianzishwa nchini tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na katika wilaya za Mkoa wa Kati wanawake waliunda vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati, ambavyo vilichanga fedha na kuezeka nyumba za wanachama kwa zamu. Vikundi hivyo viliondoa nyasi kwenye paa za maelfu ya nyumba kwa kasi ambayo hakuna mpango wa serikali ungeifikia. Fedha zilitosha kununua bati. Msumari ulinunuliwa kwa kilo, na idadi yake iliachiwa fundi.

Hapa ndipo palipo na mgongano unaoielezea historia yote inayofuata. Bati la mawimbi lina migongo na mabonde; maji ya mvua hupita bondeni, na kwa sababu hiyo kila fundi wa Nairobi, anayejua mvua za masika zinavyomwagika kuanzia Machi hadi Mei, hupigilia msumari kwenye mgongo, mahali ambapo tundu lake halitafikiwa na mkondo wa maji, kisha huuwekea kofia na washa ya mpira. Kwa kukinga mvua, fundi huyo yuko sahihi kabisa. Kwa kupokea nguvu ya mkato, hata hivyo, mgongo ni mahali pabaya, kwa kuwa kati ya mgongo na pau, yaani ule mhimili wa mlalo unaolibeba bati, kuna nafasi tupu, na msumari unaopita katika nafasi hiyo hupinda bati linaposukumwa kando, ukiliacha lisogee kabla ya kulishika. Msumari au skrubu iliyopigwa bondeni, ambako bati limelalia pau moja kwa moja, hushika papo hapo. Kinachofaa kwa mvua hakifai kwa upepo, na mafundi wa nchi yenye mvua nyingi na upepo wa wastani walichagua, kwa hekima ya kutosha, kujihadhari na mvua.

Njia ya kuondokana na mgongano huo ni kulitenganisha bati linalobeba nguvu na kitu kinachozuia maji. Bamba la mikunjo mirefu yenye umbo la trapeza huwekwa juu ya mihimili ya chuma, likafungwa bondeni kwa vifungio vingi kadiri inavyohitajika, kisha juu yake ikawekwa tabaka ya kuzuia maji ikiwa ni paa, au zege ikiwa ni sakafu. Bamba hilo, ambalo unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.75 na 1.5, ni nene mara kadhaa kuliko bati la geji 30 la madukani, ambalo ni takribani milimita 0.3. Wamarekani walilitumia sana tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na taasisi ya watengenezaji wake, Steel Deck Institute, iliundwa mwaka wa 1939. Swali la uwezo wake wa kuzuia jengo lisilale lilichelewa kujibiwa, kwa sababu hesabu za kawaida za boriti hazikutosha, na jibu lilipatikana kwa kuvunja mabamba katika maabara.

Arthur Nilson wa Chuo Kikuu cha Cornell ndiye aliyelipa jaribio hilo umbo linalofahamika, na makala yake ya mwaka wa 1960 iliwaonyesha wahandisi kwamba viwambo vya chuma chembamba vinaweza kutegemewa na kuhesabiwa. Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Fremu ya mstatili ya mihimili minene hulazwa au kusimamishwa, upande wake mmoja ukifungwa imara usisogee, na pembe zake nne zikiunganishwa kwa pini, ili fremu tupu isiwe na upinzani wowote ikisukumwa. Mabamba hufungwa juu ya fremu kwa aina ile ile ya vifungio na kwa nafasi zile zile zitakazotumika katika jengo. Jeki ya haidroliki husukuma upande ulio huru sambamba na ule uliofungwa. Na vipimo vya usogeo huwekwa kwenye pembe, pamoja na vingine vya kugundua iwapo fremu yenyewe imeteleza kwenye viti vyake, kwani usogeo huo wa uongo lazima uondolewe katika hesabu. Kwa kuwa fremu haina upinzani wake, upinzani wote unaoonekana ni wa bamba na vifungio vyake.

Kutokana na mchoro wa msukumo dhidi ya usogeo hupatikana namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya juu kabisa ambayo kiwambo kilibeba kabla ya kushindwa, ikigawanywa kwa urefu wa upande uliosukumwa. Ya pili ni ukakamavu, yaani kiasi cha msukumo kinachohitajika ili kusababisha usogeo fulani, ambao kwa utaratibu wa Marekani hupimwa pale msukumo unapofika asilimia 40 ya ule wa juu kabisa. Namba hizi mbili haziendi pamoja kila mara. Bamba lililofungwa katika kila bonde na bamba lililofungwa katika bonde moja na kuruka jingine huweza kukaribiana kwa nguvu lakini yakatofautiana sana kwa ukakamavu, kwa kuwa mikunjo isiyoshikwa kwenye ncha hupindapinda na kubadilisha umbo, na jengo likaachwa lisogee kiasi cha kuvunja vioo na kupasua kuta ingawa paa lenyewe halijashindwa.

Namna za kushindwa nazo zina mafunzo yake. Mara nyingi kinachoanza kushindwa ni kifungio cha pembeni au cha mpandano wa kando, yaani mahali ambapo bamba moja limepanda juu ya ukingo wa jirani yake: skrubu huinama, tundu lake hurefuka, na chuma kilicho mbele yake huchanika. Bamba lililofungwa vizuri mno huweza kushindwa kwa njia nyingine, kwa kujikunja lote kwa pamoja katika mstari wa mshazari, na hapo ndipo unene na kina cha mikunjo huanza kuwa na maana. Larry Luttrell, aliyeanzia Cornell na kuendelea katika Chuo Kikuu cha West Virginia, alitumia miaka mingi kuyageuza majaribio hayo kuwa kanuni za hesabu, na mwongozo wa usanifu wa viwambo ambao Steel Deck Institute iliutoa mwaka wa 1981 umejengwa juu ya kazi yake. Ukiusoma mwongozo huo kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya milinganyo yake inahesabu vifungio, vimewekwa wapi na kila kimoja kinabeba kiasi gani, na bamba lenyewe linachukua nafasi ndogo.

Upande wa Uingereza, ambako wahandisi wa Kenya walirithi viwango vyao, uchunguzi ulifuata njia yake. E. R. Bryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salford walianza na majengo ya fremu za lango, yaani fremu za chuma zenye nguzo mbili na boriti mbili zinazokutana kileleni, ambazo ndizo zinazobeba maghala na viwanda vingi duniani, vikiwamo vya Industrial Area ya Nairobi. Walionyesha kwamba fremu halisi husogea kidogo kuliko hesabu zilivyotabiri kwa sababu paa lililofungwa juu yake hugawana mzigo nayo, na kwamba mhandisi anayekataa kulihesabu paa hajalizuia paa kufanya kazi hiyo. Amejinyima tu kujua ni nguvu gani inayopita katika vifungio vyake. Mwongozo wa Bryan na mwenzake Davies ulitoka mwaka wa 1982, na mwaka wa 1994 Uingereza ikatoa sehemu ya tisa ya kiwango cha BS 5950, iliyohusu usanifu wa aina hiyo peke yake, kabla ya mambo hayo kuingizwa katika viwango vya Ulaya.

Kiwango hicho kilikuwa na sharti moja ambalo lina uzito wa pekee kwa Nairobi: mabati yanayotegemewa kama kiwambo ni sehemu ya mifupa ya jengo, na hayaruhusiwi kuondolewa au kutobolewa bila ya hesabu mpya. Katika jiji ambamo ghala la leo huwa kanisa kesho na ukumbi wa maonyesho mwaka ujao, ambamo mpangaji hukata paa ili aweke mabati ya mwanga au bomba la moshi bila ya kumuuliza yeyote, sharti hilo haliwezi kutekelezwa kwa michoro pekee. Linahitaji mmiliki ajue, na mkaguzi ajue, na bango la kudumu libandikwe ndani ya jengo likieleza kwamba paa hilo linabeba zaidi ya mvua.

Kenya ilikuwa na sababu yake ya kulifikiria suala la misukumo ya pembeni mapema. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilitokea Subukia, katika Bonde la Ufa, likiwa na ukubwa unaokadiriwa kuwa karibu 6.9, na halijatokea jingine lililolipita ndani ya mipaka ya nchi tangu vipimo vianze. Mwaka wa 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa kanuni za usanifu wa majengo kuhusiana na matetemeko, zilizoigawa nchi katika kanda kwa kadiri ya hatari. Nguvu ya tetemeko hukua pamoja na uzito wa jengo, na kwa hiyo suala la kanuni hizo haliwezi kutengwa na suala la sakafu: bamba la zege la unene wa milimita 150 lina uzito wa takribani kilo 360 kwa kila mita ya mraba, wakati bamba la chuma lililo tupu lina uzito wa kilo kumi hivi. Sheria ndogo za ujenzi za mwaka wa 1968, ambazo halmashauri za miji zilizitumia kwa zaidi ya nusu karne hadi zilipofuatwa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka wa 2024, ziliandikwa kwa ajili ya nchi ya mawe, mbao na zege.

Zege ndilo lililotawala katikati ya jiji. Jumba la mikutano la Kenyatta, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso na kujengwa kati ya mwaka wa 1967 na 1973, lilisimamisha ghorofa 28 za zege, na majengo marefu yaliyofuata yalitumia mkondo huo huo. Sakafu ya zege iliyomwagwa kwa pamoja ni kiwambo bila ya mhandisi kukiomba, na ni kigumu kiasi kwamba hesabu hukichukulia kuwa hakibadiliki umbo, nacho hugawa msukumo kwa kuta kulingana na ugumu wa kila ukuta. Kiwambo cha chuma kisicho na zege ni legevu zaidi, na huigawa nguvu hiyo kwa kadiri ya eneo ambalo kila ukuta unalihudumia, karibu kama boriti inavyogawa mzigo wake kwa viti vyake. Mhandisi aliyelelewa katika zege, akitumia mazoea yake kwa paa la chuma, huweza kuutwika ukuta mmoja mzigo ambao hautaufikia na kuupunguzia mwingine ule utakaoufikia.

Utawala huo wa zege ulijenga pia desturi ya ukaguzi. Jengo la Sunbeam lilipoanguka Moi Avenue mwaka wa 1996, na jengo jingine likaanguka Nyamakima Januari 2006 likiwa bado linajengwa, macho ya umma na ya wakaguzi yalielekea kwenye nguzo, kwenye vyuma vilivyomo ndani yake na kwenye ubora wa saruji. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Leo kila mjengo wenye msimamizi makini hutengeneza michemraba ya zege ya milimita 150 na kuipeleka maabara ikavunjwe siku ya 7 na siku ya 28, na hata msimamizi wa chini kabisa anajua kwamba zege lisilopimwa ni zege lisiloaminika. Desturi hiyo ni ya thamani kubwa. Haijapata ndugu yake upande wa vifungio vya chuma.

Wakati huo huo Westlands, Kilimani, Upper Hill na kando ya Ngong Road zimekuwa uwanja wa aina mpya za ujenzi: kumbi za maduka zenye paa pana za chuma, majengo ya fremu za chuma, sakafu za kati zinazoongezwa ndani ya maghala, na ghorofa nyepesi zinazopandishwa juu ya majengo ya zamani kwa sababu msingi wake hauwezi kubeba zege zaidi. Katika kazi hizi bamba la chuma huwa na maisha mawili. Kabla ya zege kumwagwa ndilo jukwaa la kusimamia mafundi, na pia ndilo kiwambo pekee kinachoishika fremu wakati upepo unapovuma na nguzo bado ziko uchi. Baada ya zege kukauka, bamba na zege hufanya kazi kama kitu kimoja, bamba likichukua nafasi ya vyuma vya chini. Kipindi cha hatari ni kile cha kwanza, na ndicho ambacho vifungio huwekwa vichache, kwa fikra kwamba zege litavifunika.

Aina ya kifungio si jambo la fundi kuamua siku ya kazi. Nukta ya kulehemu, ambapo fundi huyeyusha bamba hadi kwenye muhimili ulio chini, ina nguvu nyingi ikifanywa vyema, lakini bamba jembamba huungua na kuacha tundu lenye ukingo mweusi usioshika kitu, na kwa jicho la aliye chini tundu hilo na nukta nzuri hufanana. Kwa hiyo bamba la chini ya milimita 0.7 hivi halilehemiwi hivyo bila ya washa ya chuma. Skrubu inayojitobolea yenyewe na msumari unaopigwa kwa bunduki ya baruti huweza kuhesabiwa kwa macho na kupimwa kwa kuvutwa. Majaribio yaliyofanywa Canada mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watafiti Rogers na Tremblay, ambao waliyasukuma mabamba mbele na nyuma kama tetemeko linavyofanya, yalionyesha kuwa mabamba yaliyofungwa kwa misumari na skrubu huendelea kushika yanapochanika polepole, ilhali yaliyolehemiwa bila ya washa hupoteza nguvu ghafla. Kwa nchi yenye Bonde la Ufa, tofauti hiyo inatosha kuwa sababu ya kuchagua.

Mafundi wa Kawangware, Dagoretti Corner na Kangemi, ambao hulehemu mageti, madirisha na fremu za paa kando ya barabara, wana mikono ya kuifanya kazi hii kwa kiwango chochote kitakachodaiwa, na kosa la kifungio kilichokosekana si lao ikiwa mchoro waliopewa unasema tu kwamba mabati yafungwe vizuri. Mchoro unaostahili jina hilo hutaja aina ya kifungio, ukubwa wake, idadi yake katika kila bamba juu ya kila muhimili, na nafasi yake kwenye mpandano wa kando, kwa sababu namba hizo ndizo kiwambo chenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi, Technical University of Kenya na Kabete National Polytechnic ziko ndani ya mzunguko wa kilomita chache, na fremu yenye pini nne, jeki moja na vipimo vichache vya usogeo si gharama inayozishinda. Vyuo hivyo vijenge fremu hiyo, viyavunje juu yake mabamba yanayouzwa hapa kwa vifungio vinavyouzwa hapa, na vichapishe namba zitakazopatikana. Wahandisi wazitumie, na wakaguzi wa kaunti wapande juu wakahesabu skrubu kabla zege halijamwagwa.